Kutoka Gereza hadi Makumbusho: Historia ya Fort Jesus, Mombasa

Makumbusho ya Fort Jesus yalizaliwa ndani ya gereza. Kwa miaka 63, tangu 1895 hadi 1958, ngome hii iliyosimama juu ya mwamba wa matumbawe, penye mlango wa Bandari ya Kale ya Mombasa, ilifunga watu. Tarehe 24 Oktoba 1958 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka 1960 lango lake likafunguliwa kwa watu wanaoingia kwa hiari yao na kutoka wapendapo. Wenyeji wengi wa kisiwa cha Mvita huiita Ngomeni tu, wala hakuna anayeuliza ni ngome ipi. Jina la Kireno limebaki kwenye vibao na vitabu.

Jengo kabla ya taasisi, 1593–1895

Historia ya makumbusho haya haitengani na historia ya kuta zake, kwa kuwa jengo lenyewe ndilo kifaa kikubwa kuliko vyote vilivyomo. Wareno waliweka jiwe la msingi tarehe 11 Aprili 1593. Kilichowasukuma ni hofu. Miaka michache nyuma, merikebu za Waturuki chini ya Amiri Ali Bey zilikuwa zimeshuka pwani mara mbili na kupokewa vizuri na miji kadhaa, Mombasa ikiwemo. Kikosi kutoka Goa kiliwashinda mwaka 1589 na mji ukaporwa. Baada ya hapo Wareno waliona kwamba bila ngome ya mawe hawangeweza kuishika pwani hii.

Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, mhandisi Mtaliano aliyekuwa mkuu wa ujenzi katika milki ya Wareno ya India. Alifuata fikra za wasanifu wa Ulaya wa zama zake, walioamini kwamba vipimo vya mwili wa binadamu ndivyo vipimo bora vya jengo. Ndiyo maana ngome ikitazamwa kutoka juu hufanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Ina buruji nne: San Felipe na San Alberto zinazotazama bara, na San Matias na San Mateus zilizo upande wa bahari. Buruji hizo zilipangwa ili mizinga ya moja iweze kulinda ukuta wa nyingine, hata adui asipate pembe ya kujificha. Upande wa nchi kavu handaki lilichongwa katika mwamba.

Mpango huo wa kuzuia adui wa nje haukusaidia kitu pale adui alipopita langoni. Tarehe 16 Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni wa Wareno na kuishika ngome. Mwaka uliofuata alihimili kuzingirwa, kisha akaondoka kwa bahari, na Wareno wakarudi. Maandishi ya mwaka 1635 yaliyo juu ya lango ni ya kapteni wa baadaye, Francisco de Seixas de Cabreira, akijisifu kwa kuijenga upya na kuitiisha pwani. Mgeni wa leo hupita chini ya majigambo hayo akiingia, mara nyingi bila kuyatambua.

Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, takriban miezi 33, na njaa na maradhi yakaua wengi zaidi kuliko risasi. Wareno waliipata tena kwa muda mfupi mwaka 1728 na wakafukuzwa mwaka uliofuata. Kisha ulikuja utawala wa maliwali wa Kimazrui, ambao katika karne ya 18 walijitenga na watawala wapya wa Oman na kuiongoza Mombasa kwa uhuru wao hadi 1837, Seyyid Said alipoichukua. Tangu hapo ngome ikawa kambi ya askari wa sultani. Mwaka 1875 ilipigwa mizinga kwa mara ya mwisho, wakati manowari za Kiingereza zilipomzima Muhammad bin Abdallah, aliyejulikana kama Al-Akida, aliyemwasi Sultani Barghash. Mwaka 1895, Uingereza ilipotangaza himaya yake katika Afrika Mashariki, ngome ikageuzwa gereza.

Miaka ya gereza, 1895–1958

Gereza liliihifadhi ngome na papo hapo likaiharibu. Liliihifadhi kwa sababu jengo lenye kazi halibomolewi wala haliachwi limee miti. Katika miaka ambayo nyumba nyingi za mawe za pwani zilimalizwa na mvua na mizizi ya mibuyu na mikuyu, kuta za Fort Jesus zilikuwa zikipakwa chokaa. Liliiharibu kwa sababu uwanja wa ndani ulijazwa majengo ya wafungwa, na misingi ya zamani ikafunikwa.

Hitaji lililozaa makumbusho lilitokana na hali hiyo. Mji ulikuwa na jengo la karne ya 16 ambalo raia wake hawakuweza kuingia ila kwa hukumu ya mahakama. Isitoshe, pwani haikuwa na mahali pa kuweka vitu vilivyokuwa vikichimbuliwa katika magofu yake. Huko Gedi, kusini mwa Malindi, James Kirkman alikuwa akichimbua mji mzima wa kale tangu 1948, na kazi yake ilikuwa imegusa pia Mnarani na Ungwana. Vigae, shanga na vyombo vya kaure viliongezeka kila mwaka, na makumbusho makubwa yalikuwa Nairobi, mbali na watu ambao mababu zao walivitumia vyombo hivyo.

Kuanzishwa, 1958–1960

Fedha zilitoka Lisbon. Wakfu wa Calouste Gulbenkian, ulioanzishwa mwaka 1956 kutokana na urithi wa tajiri wa mafuta mwenye asili ya Kiarmenia, ulitoa pauni 30,000 kwa ajili ya kuikarabati ngome. Usimamizi ulikabidhiwa wadhamini wa hifadhi za taifa, chombo kilekile kilichokuwa kikilinda mbuga za wanyama. Mpangilio huo unaonekana wa ajabu leo, lakini wakati huo magofu ya kihistoria kama Gedi yalikuwa chini ya hifadhi za taifa, na hakukuwa na chombo kingine chenye walinzi na uzoefu wa kupokea wageni nje ya Nairobi.

Kirkman alihamishiwa Mombasa kuwa msimamizi wa kwanza. Kazi ya mwanzo ilikuwa ya kuondoa kuliko kujenga. Majengo ya gereza yalibomolewa na vifusi kutolewa, kisha uchimbuzi ukaanza chini yake. Misingi ya kanisa dogo la Wareno ikaonekana, pamoja na kisima, birika la kukusanyia maji ya mvua, nyumba ya kapteni, na njia za chini zilizopasuliwa katika mwamba kushukia baharini. Upande wa kusini, mahali palipokuwa na vyumba vya askari, lilijengwa jumba la maonyesho.

Uamuzi wa kuliondoa gereza ulieleweka, ila ulikuwa na gharama. Miaka 63 ya karibu zaidi, ambayo wazee wengi wa mji walikuwa bado wanaikumbuka kwa majina ya ndugu waliofungwa, ndiyo iliyobakiwa na alama chache kuliko miaka yoyote mingine ya ngome. Makumbusho yalianza maisha yake kwa kuchagua zama za kuonyesha, na yalichagua zama za Wareno.

Miaka ya uchimbuzi, 1960–1972

Mlango ulipofunguliwa, kazi ya koleo haikukoma. Uchimbuzi uliendelea katika miaka ya 1960, na matokeo yake yalitolewa katika kitabu mwaka 1974, ambacho jina lake linaitaja Fort Jesus kama ngome ya Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki. Jina hilo linaeleza vizuri mtazamo wa kipindi hicho. Hata hivyo, mengi yaliyotoka ardhini hayakuwa ya Wareno: vyungu vya udongo vya wenyeji, kaure ya China, vyombo vya rangi ya buluu na kijani kutoka Uajemi, mitungi ya India.

Thamani ya vitu hivyo kwa wataalamu ilikuwa katika tarehe. Magofu mengi ya pwani hayana mwaka unaojulikana wa kujengwa wala wa kuhamwa. Ngome ina miaka mingi iliyoandikwa: kuanza 1593, kutekwa 1631, kuzingirwa 1696 hadi 1698. Kigae kilichokutwa katika tabaka lililofungwa na tukio lenye mwaka humsaidia mchimbuzi kukadiria umri wa kigae cha aina hiyohiyo kikiokotwa Lamu, Kilwa au Pate. Kwa namna hiyo makumbusho ya mji mmoja yaligeuka kuwa kipimo cha pwani nzima.

Katika miaka hiyo pia ilihifadhiwa michoro ya ukutani kutoka buruji ya San Mateus. Yaelekea ilichorwa na askari au mabaharia waliokuwa zamu: merikebu, samaki, watu na majengo, kwa rangi nyeusi ya makaa na nyekundu ya ngeu. Haina ustadi mkubwa. Lakini ni miongoni mwa vitu vichache ngomeni vilivyoachwa na watu wa kawaida, na si na makapteni wala masultani.

Baada ya uhuru wa 1963, usimamizi ulitoka kwa hifadhi za taifa ukaingia katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mabadiliko hayo yaliiweka ngome mahali panapofaa, chini ya taasisi yenye wataalamu wa akiolojia, utamaduni na elimu. Kirkman alistaafu mwaka 1972.

Merikebu iliyozama, 1976–1980

Msimamizi aliyefuata, Hamo Sassoon, aliongoza taasisi katika kazi iliyoipa sifa nje ya mipaka ya Kenya. Mbele ya ngome, chini ya maji ya bandari, palikuwa na mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Wareno yenye mizinga 42. Ilitumwa kuwaokoa waliozingirwa, na mwaka 1697 ikazama chini ya kuta zilezile ilizokuja kuzisaidia. Wapiga mbizi wa Mombasa ndio walioigundua katika miaka ya 1960.

Makumbusho yalishirikiana na taasisi ya Marekani ya akiolojia ya baharini, na uchimbuzi mkuu ukafanyika tangu 1977 hadi 1980 chini ya Robin Piercy. Kazi ya namna hii haikuwa imewahi kufanywa kwa kiwango hicho katika maji ya Afrika Mashariki. Shida haikuwa kuvitoa vitu baharini bali kuvituliza vikishatoka: mti uliolowa chumvi kwa karibu miaka 300 hukauka, hujikunja na kupasuka, na chuma huendelea kuliwa na kutu hata kikiwa kabatini. Kwa hiyo maabara ya kuhifadhi vitu ilianzishwa ndani ya ngome. Vifaa vilivyopatikana vinaonyesha maisha ya merikebuni kwa undani ambao nyaraka hazina: vyombo vya kulia, mitungi ya maji, risasi, vipande vya mbao zilizochongwa. Sehemu kubwa ya mwili wa merikebu ilifunikwa tena kwa mchanga, palepale ilipolala, kwa kuwa hapakuwa na njia salama zaidi ya kuilinda.

Kutoka ngome hadi mji, miaka ya 1980 na 1990

Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1983 iliipa taasisi meno nje ya kuta zake. Hadi hapo makumbusho yalikuwa yakihifadhi jengo moja, huku ng'ambo ya handaki nyumba za Mji wa Kale zikianguka au kubomolewa, milango ya nakshi ikiuzwa na baraza zikizibwa. Mwaka 1990 Mji wa Kale ulitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi. Ofisi ya uhifadhi ikawekwa katika jengo la mahakama ya zamani la mwaka 1902, hatua chache kutoka lango la ngome. Kazi yake ni kukagua ramani za ukarabati, kuwashauri wenye nyumba na kuzuia ujenzi usiolingana na mtaa. Ni kazi yenye mabishano kila siku, kwa sababu mwenye nyumba ana watoto wa kulaza na mvua ya kuzuia, ilhali afisa ana nakshi ya kuokoa.

Ndani ya ngome, maonyesho nayo yalipanuka. Ukumbi wa Mazrui na Nyumba ya Omani, iliyo juu ya buruji ya San Felipe, viliwarudishia maliwali na familia zao nafasi yao katika historia ya jengo walilokaa kwa muda unaokaribia ule wa Wareno. Uongozi ulikuwa umeshapita mikononi mwa Wakenya, wengi wao watu wa pwani. Kituo cha utamaduni wa Kiswahili kiliwafunza vijana useremala wa nakshi, ushonaji na ufundi wa ujenzi wa kale. Taasisi ya utafiti wa Uswahili, ijulikanayo kama RISSEA, ilikuja kukusanya mapokeo ya mdomo, miswada na maarifa ya wazee. Pamoja na maktaba ya ngomeni, vyombo hivi vilibadili swali linaloulizwa. Badala ya kuuliza Wareno waliacha nini, watafiti wakaanza kuuliza watu wa Mvita walikuwa nani kabla yao, pamoja nao na baada yao.

Sheria mpya na hadhi ya dunia, 2006–2011

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 iliunganisha katika waraka mmoja mambo yaliyokuwa yametawanyika. Miaka mitano baadaye, mwaka 2011, UNESCO iliiingiza Fort Jesus katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lililoorodheshwa ni dogo, hekta 2.36, pamoja na handaki na maji yaliyo jirani. Hoja mbili zilikubaliwa: kwamba ngome ni mfano bora wa ujenzi wa kijeshi wa Wareno wa karne ya 16, na kwamba kuta zake zinaonyesha kukutana kwa Waafrika, Waarabu, Waajemi, Waturuki na Wazungu. Katika pwani ya Kenya ilitanguliwa na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001 na Kaya za Mijikenda mwaka 2008. Gedi, mahali kazi yote hii ilipoanzia, ilifuata mwaka 2024.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1593 | Jiwe la msingi la ngome lawekwa |
| 1895 | Ngome yageuzwa gereza |
| 1958 | Yatangazwa hifadhi ya taifa. Ukarabati waanza |
| 1960 | Makumbusho yafunguliwa kwa umma |
| 1972 | Msimamizi wa kwanza astaafu |
| 1977–1980 | Uchimbuzi mkuu wa Santo António de Tanná |
| 1990 | Mji wa Kale watangazwa eneo la hifadhi |
| 2006 | Sheria mpya ya makumbusho na urithi |
| 2011 | Ngome yaingia katika orodha ya urithi wa dunia |

Huduma na ziara

Makumbusho hupokea wageni kila siku. Wanafunzi ndio wanaojaza uwanja zaidi, hasa katika miezi ya safari za shule, na kwa ajili yao idara ya elimu huandaa mafunzo yanayofuata mtaala. Ada ya kiingilio hutofautiana kati ya raia, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali. Waongozaji husubiri langoni. Aliye na saa mbili hufaidi zaidi akimchukua mmoja wao, kwa kuwa vibao ni vichache kuliko visa vya mahali penyewe.

Ziara huanza nje. Mbele ya ngome kuna mizinga ya manowari mbili, Pegasus ya Uingereza na Königsberg ya Ujerumani. Mnamo Septemba 1914 ya pili iliizamisha ya kwanza bandarini Unguja, na yenyewe ikaishia katika delta ya mto Rufiji mwaka 1915. Leo mizinga ya mahasimu hao iko mahali pamoja. Mgeni huvuka handaki, akapita lango lenye mlango mzito wa misumari, kisha akatokea uwanjani penye jua kali. Mkono mmoja kuna misingi ya kanisa na mifupa ya nyangumi, ambayo watoto huikimbilia kabla ya kitu kingine chochote. Mbele kuna kisima chenye maji ya chumvi chumvi, yaliyofaa kuogea na kufulia, na birika lililotunza maji ya kunywa. Anayetaka kuelewa kwa nini ngome ilianguka mwaka 1698 na asome vitu hivi viwili kabla ya kuitazama mizinga.

Jumba la maonyesho linahitaji muda wake. Makabati yamepangwa kwa maeneo ya pwani na kwa zama, na mtu akiyafuata taratibu huona jinsi kaure ya mbali ilivyowekwa meza moja na vyungu vya nyumbani. Njia ya kupanda ukutani ndiyo ya mwisho kwa kawaida. Kutoka juu ya San Mateus mtu huona mlango wa bandari, na kutoka San Matias huona mapaa ya Mji wa Kale na mwanzo wa Ndia Kuu, barabara ambayo jina lake bado linatamkwa Kimvita. Jioni fulani uwanja hutumika kwa maonyesho ya sauti na mwanga, tamasha na hata harusi.

Kazi ya sasa: bahari

Adui mkubwa wa taasisi katika miaka ya karibuni amekuwa mawimbi. Ngome imesimama juu ya matumbawe, na matumbawe hulika. Upande wa bahari mwamba ulikuwa umeliwa kwa chini hata sehemu za msingi zikabaki zikining'inia, na kila kusi liliongeza pengo. Baada ya tathmini za wahandisi na mashauriano na UNESCO, serikali iligharamia ukuta wa kuzuia mawimbi chini ya ngome, uliojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010. Ulizua mjadala wake, kwa kuwa ukuta mpya mbele ya ukuta wa 1593 hubadilisha sura ambayo mabaharia wameiona kwa zaidi ya karne nne. Uchaguzi haukuwa mpana: bila kinga hiyo mwamba ungeendelea kumomonyoka chini ya San Mateus. Ukaguzi wa nyufa, kupakwa upya kwa chokaa na kung'olewa kwa miche inayoota katika viungo vya mawe huendelea kila mwaka, na hufanywa na mafundi wanaochoma na kuchanganya chokaa kwa njia ya zamani, kwa kuwa saruji huyazuia matumbawe yasipumue na kuyapasua kutoka ndani.